Nguzo ya Kumi na Moja

Kabla chuo hakijapachukua, chini ya barabara ya juu palikuwa mahali pa kutupia kila kitu ambacho mtu hataki kukiona nyumbani kwake. Godoro lililotoka pamba, sinki lililopasuka, mbwa aliyegongwa na gari. Mvua ikinyesha, maji yalishuka kwa mabomba yaliyokatika, yakatuama katikati na kugeuka meusi, na jua halikuwahi kufika huko chini kuyakausha. Waliolazimika kupita walibana pua na kukaza mwendo. Mama yangu alikwenda pale kila jioni, amevaa nguo safi, akageuza ndoo yake na kukaa, mgongo kwenye nguzo ya kumi na moja.

Ni afadhali nieleze mapema, watu wasije wakamdhania mama kichaa. Wengi walishamdhania, na sikuwa na nguvu ya kubishana nao.

Tulipokuwa watoto, soko lilikuwa kando ya barabara hiyo, na siku za msongamano ukigeuka kuuliza bei tu mtoto ameshakuponyoka mkononi. Mama akatuwekea sheria. "Mtu akipotea asinitafute," alisema. "Ukinitafuta na mimi nakutafuta, tutazungukana hivyo mpaka soko lifungwe. Nenda nguzo ya kumi na moja, weka mgongo, usibanduke. Mimi nitakuja." Aliichagua hiyo kwa sababu hata mtoto asiyejua kusoma aliitambua. Wajenzi wa barabara walizipiga nguzo zote namba za njano, na kwenye hiyo rangi ilikuwa nyepesi mno, ikavuja. Moja ya pili ilikuwa na mchirizi mrefu uliokaribia kufika chini. Sisi tuliiita moja inayolia.

Mimi nilipotea mara moja tu, nikaona aibu. Mdogo wangu alipotea kila tulipokwenda, na nadhani alikuwa anajipoteza makusudi, kwa vile mama alifika mbio, anahema, akamkumbatia kwanza ndipo akamchapa kofi lisilouma, kisha akamnunulia pipi. Mimi niliyebaki nimeshikilia kikapu sikununuliwa kitu.

Tulimwita Speya. Alizaliwa mimi nimeshaanza shule, wazazi wameshaamini kwamba ndiyo basi, na baba, ambaye alikuwa dereva wa malori na sasa ni marehemu, alimtazama akasema, "Haya, na speya tumepata." Jina likaganda. Mtaa mzima ukamwita mama Mama Speya. Mtoto wa kwanza ni mimi, na kwa kawaida mama huitwa kwa mtoto wa kwanza, ila jina langu halikuwahi kukaa midomoni mwa watu. Hata mimi mwenyewe wananiita Brashi, kwa ajili ya kazi yangu. Naandika maandishi kwenye kuta na mabango: majina ya maduka, bei za saluni, usikojoe hapa.

Speya alipokua aliyafuata malori ya baba. Akawa utingo, anaondoka wiki kadhaa, anarudi ananuka dizeli na kuongea kwa sauti ya juu kama vile bado yuko juu ya mzigo. Safari ya mwisho alimpigia mama simu, akasema mwisho wa mwezi yuko nyumbani. Baada ya hapo simu ikawa haipatikani. Mwenye lori alisema kijana alishuka njiani kwa hiari yake, akaaga vizuri. Polisi walituambia tutaitwa. Hospitali nilizunguka mimi, na vyumba vya maiti nikavizunguka mimi, kwa vile mama alikataa katakata kukanyaga huko. Nilifunuliwa nyuso za watoto wa watu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wetu, na kila nilipotoka nje sikujua kama nishukuru.

Mama alikaa nyumbani kwa muda, halafu siku moja akachukua ndoo.

"Kapotea," aliniambia. "Na aliyepotea anajua pa kwenda."

Basi ikawa hivyo, mwaka baada ya mwaka. Nikitoka kazini nilipitia pale, nikamkuta, nikabeba ndoo, tukarudi pamoja. Njiani tuliongea habari za chumvi na za jirani, Speya hatukumtaja. Watu waliniuliza mbona namruhusu mama mtu mzima akae kwenye uchafu. Niliwajibu kwamba nimeshindwa, na kweli nilishindwa, ila si kwa ile huzuni waliyoidhania wao. Umewahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Unaugusa, unaona kabisa ni wako, lakini hauna habari na wewe. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima, na nilishazoea. Kazi nilifanya, chakula nilikula, utani wa watu niliucheka pale unapochekwa. Nilichokitaka kwa dhati kilikuwa kimoja tu, mama aache kwenda pale. Akae nyumbani kwenye kiti, azeeke kama wazee wengine.

Kwa hiyo niliposikia kwamba chuo kinakuja kujenga, nilifurahi kadiri nilivyoweza.

Chuo kiko upande wa pili wa barabara na kilishajibana mpaka hakina tena pa kuweka hata kibanda. Mji ukakikabidhi eneo lote la chini ya barabara, kwa sharti kwamba majengo yawe ya wanafunzi na ya sisi wa mtaani pia. Tukaitwa mkutanoni. Aliyeongoza alikuwa msanifu majengo, mwalimu wa hapohapo chuoni, mwanamke wa rika la Speya, mwenye kicheko kinachotangulia kufika kabla yake. Alitandaza mchoro mkubwa juu ya meza zilizounganishwa, akatugawia vibandiko vyekundu, akasema kila mmoja abandike pale anapopatumia, kisha amweleze mwanafunzi anafanya nini hapo. Waosha magari walibandika kwenye bomba. Fundi viatu alibandika kwenye kivuli. Mlevi mmoja alibandika katikati ya dimbwi, akasema yeye huwa anaangukia hapo, watu wakacheka mpaka meza zikatikisika.

Mama alivaa miwani, akazifuata nguzo kwa kidole, akabandika.

"Shikamoo, mama," mwanafunzi akasema. "Wewe hapa huwa unafanya nini?"

"Marahaba. Nasubiri."

"Kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Iwe mvua, iwe jua."

"Na unakaa wapi?"

"Kwenye ndoo."

Mwanafunzi aliandika yote, hata ndoo. Hakuuliza mama anasubiri nini, na mama si mtu wa kujibu asichoulizwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao nikitazama kichwa cha habari cha ule mchoro. Herufi zilikuwa zimebanana upande mmoja na kuachana upande wa pili, na nikawaza kwamba kazi ya maandishi hapa itapatikana.

Mchoro uliporudi baada ya miezi, ulikuwa na ukumbi wa kusomea, chumba cha kulelea watoto wadogo, ofisi ya msaada wa sheria, karakana ya kuazima zana, na mahali pa kufulia. Na kuizunguka nguzo ya kumi na moja palichorwa viti vya duara vyenye mgongo, taa, bomba la maji ya kunywa, soketi za kuchajia simu, na kioo cha kuzuia upepo wa mvua. Msanifu aliweka kidole hapo, uso unamng'aa.

"Hapa tulimsikiliza mama mmoja," alisema. "Alituambia anasubiri kila siku, na anakaa kwenye ndoo. Tukajiuliza, ni wangapi wanasubiri mahali hapa na hawana hata pa kukaa? Wanafunzi wanasubiri basi, wazazi wanasubiri watoto, watu wanasubiriana. Kwa hiyo tumeweka mahali pa kusubiri."

Watu wakapiga makofi. Mama aligeuka akanitazama.

"Wamenijengea mimi?"

"Wamekujengea wewe."

"Ah!" alisema, akajifunika mdomo kwa kiganja. Usiku ule alikula akamaliza sahani, kitu ambacho sikuwa nimekiona siku nyingi, na akanisimulia mkutano wote upya kana kwamba sikuwepo. Nilimwacha asimulie. Nilikuwa nimetegemea chuo kitanisaidia kumtoa pale, na chuo kilikuwa kimemtengenezea kiti.

Ujenzi ulianza kwa kuzungushia mabati, na hilo hakuna aliyelifikiria. Mama alifika na ndoo akakuta ukuta wa bati. Akauzunguka mpaka akatokea tena pale alipoanzia, kisha akabisha hodi kama mtu aliyefika kwa jirani. Mlinzi akamwambia haruhusiwi. Mimi nilishapewa kazi ya maandishi na nilikuwa ndani nikipima milango, nikaitwa.

"Waambie wakubwa wako," mama akasema kupitia upenyo wa mabati. "Mtoto akija atanikuta wapi?"

Nilikwenda nikamwambia msimamizi wa ujenzi, bila kumshawishi sana. Akasema alichotakiwa kusema. "Dada, sheria ni sheria. Tofali likimwangukia mama wa watu mimi nitajibu nini?" Nikamrudishia mama jibu hilohilo. Nadhani nilitegemea atachoka. Mabati yangefanya kazi iliyonishinda mimi. Lakini mama hakuondoka. Alisimama juani jioni nzima, sikio kwenye bati, anatega kama kuna mtu ndani atakayemwita.

Msanifu ndiye aliyemkuta hivyo. Aliingia ndani, akatoka na kofia ngumu na kizibao cha njano. "Mama, vaa hivi, twende," akasema, na msimamizi akameza maneno yake.

Tangu siku hiyo mama alikaa kwenye ndoo yake katikati ya ujenzi, kofia imemfunika nyusi, kizibao kinamfika magotini. Mafundi walimwita Mkaguzi. "Mkaguzi amefika, ficheni soda!" walipiga kelele akitokea getini. Naye akaipokea kazi. Akawa anainamisha kichwa na kusema ule mstari wa matofali umekwenda mrama, na mara nyingine ulikuwa sawa kabisa, ila fundi alijifanya anaurekebisha. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nikipiga mistari ya chaki ya herufi, nikimwona anacheka. Nilijua inafaa nifurahi. Nikarudi kwenye mistari yangu.

Siku moja aliuliza mbona ukuta wa ukumbi hauigusi nguzo hata moja. Msanifu alichuchumaa karibu yake.

"Barabara inapumua, mama. Lori zito likipita inashuka kidogo, jua likiwaka inajinyoosha. Tukiibana na ukuta wetu, kitu kitapasuka. Kwa hiyo tunaiachia nafasi ya kiganja pande zote. Na nguzo zenyewe hatupaki chochote, maana wakaguzi wa barabara wanataka kuona nyufa."

"Hata ile ya viti?"

"Hata hiyo. Viti vitaizunguka, ila havitaigusa."

"Sasa mgongo nitaweka wapi?"

"Kwenye kiti, mama. Nimekuwekea chenye mgongo mzuri."

Mama alifikiri. "Basi," akasema, "nitakuwa naingiza mkono."

Hilo la nguzo kutopakwa kitu ndilo lililotuletea balaa. Karibu na mwisho walileta mashine ya maji ya presha na kuziosha nguzo zote, moshi wa miaka yote ukatoka, na namba za njano zikatoka nazo. Badala yake wangefunga vibati vidogo vyenye namba, juu, mahali pa wakaguzi kusoma. Mama alipofika jioni hiyo, nguzo zote zilikuwa nyeupe na sawasawa. Nilimwona akisimama. Aliweka ndoo chini, akaenda akaigusa moja, akaiacha, akaigusa nyingine. Viti vilikuwa havijafungwa bado, hapakuwa na alama yoyote. Mafundi waliacha kupiga kelele.

"Ipi?" aliniuliza. Kofia ilikuwa imemkaa upande. "Brashi, ipi?"

Nilimshika mkono nikampeleka. Aliitazama kwa muda.

"Mimi umenionyesha wewe," akasema. "Yeye atajuaje?"

Kesho yake niliwahi kabla ya mafundi. Nilikuwa na kopo la njano. Nimefundishwa kazi hii na mtu aliyekuwa akitupiga vidole ikivuja tone moja, na tangu nijitegemee sijawahi kuvujisha. Wateja wangu wanalijua hilo, na mimi huwa nawakumbusha. Nilizimua rangi kupita kiasi, mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. Nikapiga moja ya kwanza, nene, mbaya, vilevile walivyoipiga wajenzi wa barabara. Nikapiga ya pili, nikailowesha brashi tena na kuikandamiza pale chini. Mchirizi ukashuka. Ulipotaka kuishia juu niliuongezea rangi, ukaendelea, ukafika pale ulipokuwa unafika zamani. Nilipomaliza nilirudi nyuma nikautazama. Haukunitia huzuni wala furaha, niliona tu kwamba ni wenyewe.

Msimamizi alipofika alisimama mikono kiunoni.

"Brashi, nani kakuruhusu?"

"Hakuna."

"Na mbona imevuja? Si wewe unayejisifu hapa kwamba huvujishi?"

"Imevuja."

Alinitazama, akaitazama ndoo iliyokuwa imeachwa pale tangu jana, akaenda zake kuwafokea watu wa umeme. Namba ikabaki.

Mahali palifunguliwa, na palipendeza, sitasema uongo. Lile dimbwi jeusi lilikuwa sasa sakafu unayoweza kukalia. Watoto walilia na kucheka kwenye chumba chao, wanawake walifua huku wanapiga soga, na juu ya vichwa vyetu malori yaliendelea kupita, mtetemo mdogo tu kwenye vikombe. Lakini hapakuwa na mahali palipojaa kama kule kwenye nguzo ya kumi na moja. Msanifu alikuwa amesema kweli, watu wengi walikuwa wanasubiri na hawakuwa na pa kukaa.

Mama aliiacha ndoo nyumbani. Siku ya kwanza alivaa nguo ya harusini, akachagua kiti kilicho upande wa namba, akaingiza mkono kwenye ule upenyo wa nyuma ya kiti na kuigusa nguzo. Wanafunzi walimsalimia. Siku za mwanzo alirudi na habari tele. Kuna kijana anasomea meno, kamwambia yake yamebaki mazuri. Kuna mzee anamsubiri mkewe atoke ofisi ya sheria, na wanachokishtaki ni mpaka wa shamba. Kuna msichana wa miwani anayesubiri mwenzake kila siku, na huyo mwenzake hana haya, anachelewa.

Mimi nilikuwa bado na milango ya kuandika, kwa hiyo nilimwona. Niliona pia yanayotokea pale. Mtu anakaa, anatazama simu, anatazama njia. Halafu anainua kichwa, uso unabadilika, anasimama, na aliyekuja amefika. Baba anatokea na begi la mtoto. Mke wa yule mzee anatokea amekunja uso, wanaondoka wakinong'onezana. Jioni nzima ilikuwa ni hiyo, wanafika na kuondoka, wanafika na kuondoka, na kila mara mama alikuwa anageuza kichwa kuwafuata kwa macho mpaka wapotee.

Baada ya muda habari zikapungua. Nilipomuuliza kuhusu wa meno, alisema yupo. Nikimletea chai, inapoa.

Jioni moja nilipokwenda kumchukua nilimkuta amesimama, mkoba mkononi, wakati kawaida ni mimi wa kumhimiza. "Twende," akasema. Nyumbani alivua viatu, akavipanga ukutani, akakaa kitandani.

"Yule msichana wa miwani," alisema, "leo mwenzake alichelewa sana. Wengine waliokuwa wanasubiri wakaondoka wote, akabaki yeye na mimi. Nikasema moyoni, huyu naye keshakuwa mwenzangu. Nikamsogelea. Nikataka nimwambie avae sweta, baridi ya pale inaingia polepole." Akaweka mkoba kando. "Halafu huyo mwenzake akaja. Mbio, anahema, viatu havijafungwa. Akasema samahani. Basi, wakaondoka."

"Eeh," nikasema.

"Pale watu wanakuja, mwanangu."

Nilivua viatu vyangu, nikavipanga kando ya vyake.

"Wanakuja wote. Zamani nilikuwa peke yangu, sikuwa na wa kujilinganisha naye. Nilidhani kusubiri ndiko kulivyo." Alijishika magoti kwa mikono miwili. "Speya haji."

Hakuwa ananiuliza. Jibu nilikuwa nalo tangu vyumba vya maiti, nimelibeba siku zote hizo nikisubiri aliombe, na sasa lilipofika mdomoni halikutoka. Nilikwenda nikawasha jiko. Nyuma yangu nilimsikia akivuta pumzi na kuishusha, mara moja, ndefu.

Kesho yake hakwenda. Jioni ilipofika alikaa mlangoni na ungo wa mchele, anachambua. Jirani yetu alipita na ndoo ya maji. "Mama Speya! Vipi leo, huendi?" Mama alitoa kijiwe kwenye mchele akakitupa. "Mama Speya!" Mama akaendelea kuchambua, kichwa chini, hakushtuka wala hakugeuka, kana kwamba anayeitwa ni mtu wa nyumba nyingine. Jirani alinitazama mimi. Nikamwambia leo hajisikii vizuri.

Ndilo nililolitaka miaka yote, na nilikuwa nimelipata. Mama yuko nyumbani, amekaa kwenye kiti. Niliangalia mikono yake ikizunguka kwenye ungo, nikagundua kwamba mchele ule ulishakuwa safi zamani.

Kazi yangu ya mwisho kule chini ilikuwa bango la hapohapo kwenye viti. Ubao wake ulichelewa kuletwa. Nilipanda ngazi mchana nikaandika kwa herufi kubwa, MAHALI PA KUSUBIRI, nikizipa herufi nafasi zao kama ninavyojua, na hapakuvuja hata tone. Watu walianza kujaa chini yangu. Nilipokaribia kumaliza nikatazama chini nikaona viti vimejaa pande zote, wengine wamekaa sakafuni, isipokuwa kimoja kilicho upande wa namba. Hakuna aliyekikalia. Kijana mgeni alitaka kukaa, mwingine akamgusa bega, akaondoka.

Msanifu alikuja akasimama chini ya ngazi.

"Limependeza sana," akasema. "Mama yuko wapi? Wanafunzi wananiuliza. Hivi huwa anamsubiri nani?"

Tangu kibandiko chekundu, ndiyo mara ya kwanza mtu wa chuo kuuliza.

"Mwanawe," nikasema.

"Huwa anachelewa kutoka kazini?"

"Anachelewa."

"Msalimie," akasema, akaenda, ana mambo mengi.

Nilishuka, nikaosha brashi kwa mafuta ya taa, nikazifunga kwenye kitambaa. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya pale. Nilikwenda nikakaa kwenye kiti cha mama. Walinitazama, nadhani walimwona mama usoni mwangu, wakaniacha. Niliingiza mkono kwenye ule upenyo mpaka kiganja kikafika kwenye nguzo. Zege lilikuwa la baridi. Lori likapita juu, na nguzo ikatetemeka kidogo sana mkononi mwangu, kama mtu aliyelala anapoguswa.

"Dada, unamsubiri mama?"

Alikuwa msichana wa miwani, kiti cha pili kutoka kwangu, vitabu mapajani.

"Hapana," nikasema. "Namsubiri mdogo wangu."

Sikuwa nimewahi kulisema. Nilikuwa nimemtafuta, nimemwulizia, nimemwelezea kwa polisi urefu na kovu la kidevuni, lakini kumsubiri nilimwachia mama. Nilipolisema ndipo nilipohisi maumivu, kama ule mguu damu inaporudi, yakaanzia kwenye kiganja kilichokuwa kwenye nguzo, yakapanda. Nikalia. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, mbele za watu, mkono wangu umekwama kule ndani na sikutaka kuutoa.

Msichana wa watu hakujua afanye nini. Alivifunga vitabu vyake, akasogea mpaka bega lake likagusana na langu.

"Basi usilie, dada," akasema. "Atakuja tu. Mimi nitakaa na wewe mpaka mwenzangu afike, huwa anachelewa sana."

Nikamshukuru. Tukakaa, tunatazama njia wote wawili.

Siku hiyo mwenzake hakuchelewa.